Je, Mwenye Nguvu Aongezewe Mzigo?

Jumamosi moja ya kiangazi, jua halijapanda bado, nilikuwa nimesimama langoni kwetu, kando ya barabara itokayo Sikonge kuingia mjini Tabora. Wakapita vijana kama kumi wakikimbia polepole. Walivaa viatu vya michezo, na mmoja wao alikuwa akiangalia saa yake ya mkononi, ile ihesabuyo hatua na mapigo ya moyo. Nyuma yao akaja mtu mzima, umri wa baba yangu, akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Naye alikuwa akitoka jasho kama wale vijana, tena kuwazidi. Tulipokwisha kusalimiana akaniuliza, "Baba, hawa wameagizwa na daktari?" Nikamjibu kwamba ndiyo, siku hizi madaktari wawahimiza watu wote wafanye mazoezi. Akacheka, akasema, "Basi mimi nitaishi miaka mia."

Nikanunua gunia moja, tukapatana bei, akaenda zake na lile la pili. Lakini neno lake limenikaa moyoni tangu siku ile. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma. Yule mwenye mkaa huzimaliza dakika hizo kwa safari moja tu ya kuja mjini. Je, jasho lake lampa afya kama jasho la wale vijana liwapavyo? Na ikiwa mwili wake umeweza kazi hiyo miaka yote hii, je, kuweza kwake ni ruhusa kwetu sisi wanunuzi tumwachie aendelee kubeba, au hata tumwongezee?

Sidhani kuna mji katika nchi yetu upasao kujiuliza swali hili kuliko mji huu. Tabora ilijengwa juu ya mabega ya watu. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki zilizotoka Bagamoyo, pamoja na pembe za ndovu zilizotoka bara, karibu zote zilisafiri juu ya mwili wa binadamu, maana mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo njiani. Burton na Speke walifika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, nayo ilikuwa siku ya 134 tangu walipotoka pwani. Walikwenda kwa miguu yao na kwa punda wachache, lakini mali yao ilikwenda kwa wapagazi. Na sisi wa nyumba ya Kanisa tusijifiche hapa: Mapadre Weupe wa kwanza walipopita njia hii mwaka 1878, masanduku yao ya Misa pia yalibebwa mabegani mwa watu.

Sasa, mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa punda mwenye miguu miwili. Alikuwa fundi wa kazi yake. Mzigo wa kawaida haukuzidi sana frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu mkeka wake, chungu chake na posho yake. Aliubeba begani, akauhamisha kutoka bega hili kwenda bega lile bila kusimama. Msafara uliondoka alfajiri, kirangozi akitangulia, na watu walitaka kupiga kambi kabla ya jua la utosi. Safari ya alasiri, waliyoiita tirikeza, ilichukiwa na wote. Mizigo ilipogawanywa asubuhi palikuwa na kelele na ugomvi, kila mtu akipima kwa mkono wake kabla hajakubali.

Wasafiri wa Kizungu waliandika habari hizi katika vitabu vyao kwa uchungu mwingi. Walisema wapagazi ni wakaidi, hutua mizigo wapendapo, hukataa kwenda, hutoroka. Nami nikiyasoma malalamiko hayo nayaona kuwa ushahidi mzuri wa elimu. Watu wale walijua kwa miili yao, bila maabara na bila saa ya mkononi, kipimo cha mzigo, saa ya kwenda na saa ya kupumzika, na walikuwa tayari kugombana ili vipimo hivyo visivunjwe. Nguvu yao ilidumu kwa sababu waliilinda. Kile ambacho mwenye mali alikiita uvivu ndicho kilichofikisha mali yake Ujiji.

Tusiipambe mno habari hii. Ndui na njaa viliwaua wapagazi wengi njiani, na katika misafara ile ile walikuwamo watu waliofungwa minyororo, ambao walibeba pembe na wao wenyewe walikuwa bidhaa. Hao hawakuwa na neno la kusema juu ya kutua mzigo. Tofauti iliyokuwapo kati ya mpagazi huru na mtumwa, wakitembea katika njia moja chini ya jua moja, ndiyo nitakayo tuishike mkononi tunapoendelea.

Maana baada ya reli kufika, tulidhani enzi ya mabega imekwisha. Miaka miwili tu ikapita, vita vya mwaka 1914 vikaanza, na pande zote mbili zikakamata watu wabebe. Wabelgiji walipoiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916, nyuma ya askari wao walikuwapo wabeba mizigo kutoka Kongo. Waingereza peke yao waliandikisha mamia ya maelfu, na jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho. Kwa hesabu ya serikali yao wenyewe walikufa zaidi ya elfu arobaini. Wanahistoria wengi wasema idadi ya kweli yazidi sana hapo. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wasiouzoea uliopikwa haraka bila kuiva. Wengine kati yao walitoka katika makabila yale yale yaliyosifiwa kwa nguvu ya kubeba. Mabega yalikuwa yale yale. Kilichoondolewa ni haki ya kukataa, haki ya kula chakula chao, na haki ya kupumzika.

Miaka mingi baadaye wataalamu wa elimu ya mwili wakaja na vipimo vyao, na hapa ndipo habari inapokuwa ya ajabu. Mwaka 1986 wanasayansi waliofanya kazi Nairobi, akiwamo Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake kutoka ng'ambo, walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Nature. Waliwapandisha wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu juu ya mashine yenye mkanda uzungukao, wakawawekea mizigo, wakapima hewa ya oksijeni waliyoitumia. Wajaluo walibeba kichwani kama desturi yao. Wakikuyu walibeba mgongoni kwa ukanda upitao kipajini. Ikaonekana kwamba mwanamke aliweza kubeba mzigo ufikao asilimia 20 ya uzito wa mwili wake pasipo kutumia nguvu zaidi ya mtu atembeaye mikono mitupu. Zaidi ya hapo nguvu ilianza kuongezeka. Askari waliopimwa wakiwa na mizigo mgongoni hawakupata faida hiyo; kila kilo iliwagharimu tangu ya kwanza.

Mwaka 1995 baadhi ya wataalamu hao walieleza sababu. Mtu atembeapo huinuka na kushuka kama bembea, na katika kila hatua hupoteza nguvu kidogo. Wanawake wale, wakiwa na mzigo, waliirudisha nguvu ya kushuka ikawasaidia kwenda mbele, kwa ustadi usioonekana kwa macho. Mwaka 2005 watu wa kundi hilo waliwapima wapagazi wa Nepal katika milima ya Himalaya, ambao wanaume wao hubeba kwa wastani mzigo unaokaribia uzito wa miili yao. Hao waliwazidi hata wanawake wa Kenya katika mizigo mizito. Lakini angalieni jinsi wanavyokwenda: polepole, saa nyingi, na kupumzika mara kwa mara, kila mmoja akiwa na fimbo yake ya kuegemeza mzigo asimamapo. Wazee wa Unyanyembe wangeitambua kazi hiyo mara moja.

Habari za namna hii zaweza kusikiwa kwa masikio mawili. Sikio moja husikia sifa: kumbe mama anayetoka kisimani ni bingwa, ana elimu ambayo profesa hana. Sikio la pili husikia ruhusa: kumbe asilimia 20 ni bure, basi abebe. Na sikio hilo la pili lina neno lake, ambalo sisi sote tumelitumia. Neno hilo ni "wamezoea." Watu wa shamba wamezoea. Wanawake wamezoea. Mtoto wa kazi amezoea. Katika nchi yetu neno hili limetuliza dhamiri nyingi kuliko pombe.

Sayansi yenyewe haikulikubali neno hilo kwa urahisi. Watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini, wakachapisha matokeo mwaka 2010, hawakuiona ile faida ya bure. Walikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na mazoea ya miaka ya kubeba kichwani hayakuwa dhamana ya wepesi. Mwaka huo huo uchunguzi mwingine katika jimbo la Limpopo uliwauliza wachota maji habari za miili yao, na wengi wakataja maumivu ya shingo na mgongo. Hiki ni kitu ambacho mashine ya oksijeni haikuulizwa. Pumzi ya mtu yaweza kuwa tulivu hali shingo yake inaharibika. Tena hakuna mashine ipimayo saa ambazo msichana amezikosa darasani kwa sababu alikuwa bombani akingoja zamu. Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Tabora, Nzega na Igunga katika miaka ya karibuni, sikumsikia mwanamke hata mmoja akisikitika kwamba amepunguziwa mazoezi.

Turudi sasa kwa yule mwenye mkaa na miaka yake mia. Mwaka 2018 wataalamu wakiongozwa na wenzao wa Uholanzi walikusanya tafiti 17, zenye watu zaidi ya laki moja na elfu tisini, wakauliza: je, kazi nzito ya kila siku ina faida ile ile ya michezo ya hiari? Jibu lilishtua. Wanaume wa kazi nzito walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wanaume wenye kazi nyepesi. Kwa wanawake haikuonekana hivyo. Maelezo waliyoyatoa yaeleweka hata kwa mtu asiye daktari: afanyaye michezo huupandisha moyo kwa muda mfupi, kisha hupumzika, hula, hulala, mfanyakazi wa kazi nzito huushikilia moyo wake juu saa nane au kumi, siku baada ya siku, na mwendo wa kazi hauko mikononi mwake.

Lazima niwe mwaminifu na kusema kwamba jambo hili lina mabishano. Wako wasemao kwamba kinachoua ni umaskini na uvutaji wa tumbaku vinavyofuatana na kazi hizo, na mwaka 2021 uchunguzi mkubwa wa Norway ulikuta wanaume wa kazi za nguvu wakiishi muda mrefu zaidi, si mfupi. Tena tafiti hizi nyingi zimefanywa katika nchi tajiri, ambako mtu wa kazi nzito ana hospitali na siku ya mapumziko. Sukuma baiskeli ya mkaa kutoka porini hadi Tabora ndipo uzungumze habari za Norway. Basi hatuwezi kuitundika haki ya mtu huyu kwenye mizani ya wataalamu, kesho mizani ikiinama upande wa pili haki yake ianguke. Hata kama ingethibitishwa kabisa kwamba mkaa haumdhuru, swali letu lingebaki palepale.

Swali letu ni juu ya kutua. Lugha yetu ina maneno mawili yaliyo kama ndugu: kutwika na kutua. Mzigo hutwikwa mtu na mwingine; kuutua ni tendo la mwenyewe. Kijana akimbiaye asubuhi aweza kusimama chini ya mwembe wakati wowote, wala hakuna atakayelala njaa kwa sababu amesimama. Hiyo ndiyo sababu jasho lake ni mazoezi. Yule mwenye mkaa aliniambia, tulipokuwa tukipatana bei, kwamba hapumziki njiani kwa kuwa jua likipanda bei hushuka. Hiyo ndiyo sababu jasho lake ni mzigo, hata kama mioyo yao yote miwili hupiga sawasawa.

Mtu asidhani ninasema kwamba raha ni bora kuliko juhudi. Tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alianguka katika mbio ndefu za Olimpiki huko Mexico, akaumia goti na bega, na akaendelea mpaka mwisho, akifika zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Ulimwengu mzima wamheshimu, nami pia. Lakini twamheshimu kwa sababu angaliweza kuacha. Kama angalikuwapo mtu wa kumpiga fimbo kila aliposita, tusingaliita ushujaa bali ukatili, ingawa miguu, damu na kilomita zingalikuwa zile zile. Maumivu aliyoyachagua mtu ni yake. Maumivu ambayo njaa au bwana amemchagulia ni deni la mtu mwingine.

Wala watu wa kazi ngumu zaidi hawaishi bila kupumzika, pale ambapo hakuna awasukumaye. Wahadza, waishio kandokando ya Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, wamepimwa sana na wataalamu. Uchunguzi wa Pontzer na wenzake wa mwaka 2012 ulionyesha wanaume wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku na wanawake karibu kilomita 6. Hata hivyo, nguvu yote waliyotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haikuzidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili, inaonekana, una bajeti yake; ukitumia huku hupunguza kule. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2020 ukaonyesha kwamba Wahadza hukaa au kuchuchumaa karibu saa kumi za mchana na jioni. Mwili wa mwanadamu uliumbwa kwa kazi na kwa kutua pamoja, na anayeupa kimoja tu ameuharibu, akiwa ni mtu wa ofisini asiyeinuka kitini au mbeba mkaa asiyekaa chini.

Amri ya siku ya mapumziko yalijua jambo hili zamani. Haikuwekwa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Ilimtaja mtumishi na mjakazi, hata ng'ombe na punda. Baba Mtakatifu Leo XIII alilirudia mwaka 1891 katika Rerum Novarum, akifundisha kwamba si haki wala si utu kumchosha mfanyakazi hata akili yake ipumbazwe na mwili wake uchakae, na kwamba kipimo cha kazi kifuate nguvu za mtendaji. Sioni mahali ambapo aliongeza: isipokuwa amezoea.

Msomaji mmoja atanijibu kwamba hakuna aliyemlazimisha yule mzee, na kwamba nikimkataza magunia mawili nimempunguzia chakula. Ni kweli, wala simkatazi. (Najua pia kwamba mkaa wamaliza miombo yetu, hilo ni jambo la siku nyingine.) Ninachouliza ni bei. Tukinunua gunia kwa bei ambayo haimruhusu kubeba moja, sisi ndio tuliomtwika la pili, hata kama mikono yetu haikuligusa. Mpagazi wa zamani alikuwa na wenzake mia wa kugombana pamoja naye asubuhi, mizigo ilipogawanywa. Huyu yuko peke yake langoni kwetu, na aliye mbele yake ni mnunuzi aliyekwisha kunywa chai.

Nami ndimi niliyekuwa nimekwisha kunywa chai. Tulipatana bei kwa muda wa kutosha, nikataja bei ya juma lililopita, akataja umbali, nikapunguza, akapunguza. Nilipokwisha kulipa ndipo nilipotambua kwamba muda wote huo alikuwa ameishika baiskeli isianguke, mikono yake miwili kwenye usukani na nyonga yake imeegemea gunia, maana langoni kwetu hapana mti wala ukuta wa kuegemeza. Mimi nilikuwa nimesimama kivulini, mikono mifukoni.

Aliporudi Jumamosi iliyofuata nilimlipa bei aliyoitaja kwanza. Alishangaa kidogo, akadhani labda mkaa umeadimika mjini. Tumechimba shimo pale langoni na kusimika nguzo ya mninga yenye panda, kimo cha kiuno, ya kuegemeza baiskeli. Fundi asema udongo haujashika vizuri, tungoje siku chache kabla ya kuijaribu na magunia mawili.